Mtu amezama ziwani, ndugu wanataka kuzika leo leo: mtendaji afanye nini?

Mtendaji Kisiwani aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa wanaolijua jambo hili kwa undani, hasa madaktari, watu wa mochwari na wa usajili.

Huku visiwani Ziwa Victoria, upande wa Ukerewe na hata Buchosa, mtu akizama mwili huonekana baada ya siku mbili tatu, umevimba na harufu imeanza. Siku zote hizo ndugu wamekesha mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Ukitolewa majini wanachotaka ni sanda na kaburi tu. Mtendaji wa kijiji akisema subirini polisi na daktari, anaonekana hana utu, na boti inaweza kufika jioni au kesho yake. Akiruhusu wazike, anakuja kuulizwa aliruhusu kwa mamlaka gani. Zahanati haina jokofu la maiti.

Nina maswali matatu. Je, ni lazima mwili upelekwe Nansio au Mwanza, au mambo yanaweza kuishia palepale? Wakati tunasubiri, tuutunze vipi bila kuwakwaza wafiwa? Na hawa vijana wa kambi za dagaa tunaowajua kwa majina ya utani tu, fomu zao zinajazwaje?


Tabibu wa Zamu alijibu:

Pole kwa jukumu, ndugu mtendaji. Nianze na swali la kwanza.

Kuzama ni kifo kisicho cha kawaida hata kama mwalo mzima uliuona mtumbwi ukipinduka. Kinaangukia kwenye Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, pamoja na kujinyonga, sumu, ajali za barabarani na mtu anayekutwa amekufa bila sababu kujulikana. Hapo si wewe wala mwenyekiti wa kitongoji mwenye mamlaka ya kusema zikeni. Lakini kinachotafutwa ni polisi wajiridhishe na daktari auone mwili, na hilo halilazimu mwili usafiri. Mlete daktari kwenye mwili. Askari mpelelezi na mganga wa kituo cha afya au wa hospitali ya wilaya wanapanda boti moja, mganga anaukagua mwili hapo hapo na kujaza fomu ya polisi, askari anachukua maelezo ya mashahidi, ndugu wanakabidhiwa mwili wakazike. Mambo yakiwa yameandaliwa, ni kazi ya saa moja hadi mbili.

Kinachokula siku nzima ni simu iliyochelewa kupigwa. Maji ya juu ya ziwa letu yana joto la nyuzi 24 hadi 26. Mtu akizama anakwenda chini kwanza, tumbo linajaa hewa, ndipo anaibuka, kwa kawaida siku ya pili au ya tatu. Kwenye kina kirefu, ambako maji ni baridi zaidi, huchelewa. Siku hizo mbili ndizo za kufanyia utaratibu. Taarifa iende polisi saa ile ile mtu anapopotea: 112, au 114 kwa zimamoto na uokoaji. Chukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikwa kituo cha polisi. Mjue mganga atakayekuja ni nani na umpigie kabla hajahitajika. Boti ijulikane, mafuta yajulikane. Mwili ukiibuka saa kumi na mbili asubuhi, wewe unapiga simu moja tu ya kusema ameonekana.

Hilo la mafuta ulimalize mapema na BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) na tajiri, yaani mwenye mtumbwi, lita zikiwa zimeandikwa. Uchunguzi wa polisi wafiwa hawaulipii, ila boti bila mafuta haiondoki, na si haki mama aambiwe alete hela huku mwanawe amelala kwenye turubai.

Daktari akifika atatazama povu la puani na mdomoni, shingo, kucha, majeraha, na kama mikato ni ya panga la injini au ni samaki waliomla baada ya kufa. Mwili uliokaa siku tatu majini hausemi mengi, kwa hiyo anategemea sana maelezo. Umwandalie: alionekana mara ya mwisho saa ngapi na nani, walikuwa wangapi mtumbwini, upepo ulikuwaje, alijua kuogelea, alikuwa amekunywa, alivaa boya au hapana, ameokotwa wapi na nani. Mashahidi wa kweli wasiende kulala wala kurudi ziwani kabla askari hajaondoka. Boti hurudi mara ya pili kwa sababu hiyo mara nyingi kuliko kwa sababu ya mwili wenyewe.

Kusafirisha kwenda hospitali za Mwanza, Bugando au Sekou Toure, au hospitali ya wilaya kunakuwa kwa lazima pale penye jeraha lisiloeleweka, kamba mwilini, ugomvi kabla ya kuzama, mwili usiotambulika, au ndugu wenyewe wakitia shaka. Ndugu akisema "huyu aliuawa", usimnyamazishe ili mazishi yaende haraka. Kumfukua marehemu baadaye kunahitaji amri ya mahakama, na familia inaanza kilio upya. Wa Sengerema na Buchosa sasa wana nafuu, kwa sababu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 gari la maiti halisubiri kivuko.

Upande wa utu, wafiwa wanavumilia kusubiri kuliko tunavyodhani. Kinachowaumiza ni kutojua wanasubiri nini. Jibu la "utaratibu hauruhusu" halimsaidii mtu. Waambie: "Askari na daktari wametoka Nansio saa nne. Wakifika saa sita wataukagua mwili, baba mdogo atakuwepo. Mambo yakienda vizuri saa kumi tunazika. Kaburi lianze kuchimbwa sasa." Boti ikichelewa, nenda ukawaambie kabla hawajauliza. Na waambie mapema kwamba ukaguzi mwingi ni wa kutazama tu. Daktari akilazimika kupasua atashona, na mwili utaoshwa na kuvishwa kama kawaida.


Mhudumu wa Mochwari alijibu:

Naongezea swali la pili, maana hapa ndipo mwili unapoharibiwa na watu wenye nia njema.

Kwanza uokoaji. Mwili uliokaa majini zaidi ya siku mbili usivutwe kwa mikono wala miguu. Ngozi ya viganja huvuka kama glavu, na hiyo ndiyo yenye alama za vidole. Pitisheni turubai au kipande cha nyavu chini ya mwili, watu wanne wanyanyue kwa pamoja, maji yachuruzike, ndipo mwingie mtumbwini. Vaeni glavu. Kama kuna kamba imemzunguka, kata mbali na fundo. Fundo lenyewe liachwe kama lilivyo, polisi watalihitaji. Msimvue nguo, msimpekue mifuko, msimwoshe. Vyote hivyo vinamngoja daktari.

Msichowanyima ndugu ni kumfunika, kukaa naye na kumwombea. Mlazeni kivulini juu ya turubai, mkeka au kitanda cha kamba, kichwa kiinuliwe kidogo kwa nguo iliyokunjwa ili damu isikusanyike usoni uso ukawa mweusi. Mfunikeni kwa shuka au khanga safi, mwili mzima. Zungusheni turubai lingine liwe ukuta, watoto wasione, wenye simu wasipige picha. Picha apige askari. Watu wawili wa familia wabaki ndani, kwa zamu. Mama akimwona mwanawe amefunikwa vizuri na kuna mtu wa kwao pale, presha ya kuzika sasa hivi inapungua sana.

Barafu. Mwaloni ipo, ile ya sangara. Iwekwe kwenye mifuko ya nailoni iliyofungwa, isimguse mwilini moja kwa moja, mifuko ikae shingoni, kwapani, kifuani, tumboni na kwenye mapaja, kisha mfunikeni kwa turubai. Badilisheni inapoyeyuka. Itapunguza kasi tu, haitazuia, kwa hiyo msiitumie kama sababu ya kulaza mwili siku mbili. Barafu hiyo na hilo turubai visirudi kwenye samaki. Mtumbwi uoshwe kwa sabuni, halafu Jik ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, ikae dakika kumi kabla ya kusuuza.

Kuna wanaokimbilia kuleta mtu wa kuchoma dawa ya maiti. Kabla ya daktari kukagua, hapana. Formalini inaharibu vipimo vya sumu na pombe, na hata vinasaba (DNA) vinakuwa vigumu kupatikana.

Maiti ya aliyezama haileti mlipuko wa ugonjwa, waambieni watu hivyo. Tahadhari kubwa ni kwa aliyekufa kwa homa kali na kutokwa damu, au kuhara kama maji ya mchele. Jirani zetu wa Kagera walipata Marburg mwaka 2023 na tena mwanzoni mwa 2025. Kifo cha namna hiyo hakioshwi nyumbani, hata ndugu walie vipi. Pigeni 199, timu ya afya ifike na familia ielezwe itasimama wapi kuona mazishi na nani ataongoza sala.

Kuhusu utambuzi: uso uliovimba unadanganya. Msimfunulie mtu uso na kumuuliza "ndiye?", kwa sababu aliyekesha siku tatu atasema ndiye. Mwacheni aeleze kwanza bila kuona: alivaa nini, mkanda wa rangi gani, kovu liko wapi, jino gani limeng'oka, vidole vikoje. Muandike. Halafu muonyesheni nguo, kisha alama aliyoitaja, uso uwe wa mwisho na kwa ridhaa yake. Mmoja mmoja, mtu mzima, mwenye mwenzake wa kumshika. Familia mbili zikigombea mwili mmoja, au asipotambuliwa, daktari achukue sampuli kwa ajili ya vinasaba chini ya polisi, na mzazi au mtoto wa aliyepotea atoe ya kwake ndani ya shavu. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapa Mwanza.

Ikibidi kuzika asiyetambuliwa, mwili mmoja kaburi moja, namba moja ndani ya mfuko wa mwili na nyingine kwenye alama ya kaburi, kina kisipungue mita 1.5, mbali na maji ya kunywa angalau mita 200. Ziwa hili limetufundisha hayo. Baada ya meli ya MV Bukoba kuzama Mei 21, 1996, kuna makaburi ya waliozikwa Igoma, na baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama Septemba 20, 2018, wasiotambuliwa walizikwa pale pale Ukara. Familia inayokuja kutafuta mtu wake miaka kadhaa baadaye inahitaji kaburi lenye namba.


Ustadh wa Mwaloni alijibu:

Kwa ndugu Waislamu, kuharakisha maziko ni sunna, lakini kungoja haki ya marehemu ithibitike si kosa, na imamu aliseme hilo mwenyewe mbele ya watu. Likitoka kwa mtendaji linasikika kama amri ya serikali. Mwili ambao ngozi inavuka hausuguliwi, unamwagiwa maji tu taratibu. Ukiwa hauwezekani hata hivyo, ni tayamamu, yaani udongo safi badala ya maji. Maiti ya mwanamke ioshwe na wanawake, kwa hiyo mwambie daktari mapema ili wawepo karibu akimaliza. Sanda ikatwe wakati wa kungoja. Kwa Wakristo vivyo hivyo, mwiteni katekista au mchungaji tangu siku ya kutafuta, siyo siku ya kuzika.


Msajili Mstaafu alijibu:

Swali la tatu ndilo linalopuuzwa, na ndilo linalomtesa mjane miaka. Siku ya msiba kila mtu ana huruma na haraka, fomu inajazwa juu ya goti kwa kusikiliza. Miezi sita baadaye mjane amekaa benki au mahakamani anaambiwa marehemu kwenye karatasi siye mwenye akaunti.

Kibali cha mazishi na cheti cha kifo ni vitu viwili. Kibali kinaruhusu kuzika. Cheti kinatolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, baada ya kifo kusajiliwa, na taarifa inatakiwa itolewe ndani ya siku 30. Aliyefia hospitali, hospitali inatoa karatasi. Aliyefia nyumbani au ziwani, inapita kwa mtendaji, ikiambatana na ya daktari na ya polisi. Familia nyingi hubaki na kibali zikidhani ndicho cheti. Waambie kabla hawajatawanyika, na umtaje mtu mmoja atakayefuatilia ofisi ya usajili ya wilaya.

Jina linakiliwa kutoka kwenye kitambulisho, haliandikwi kwa kusikia. Kanda yetu L na R zinabadilishana mdomoni. Mtu anatamka Rukasi, kitambulisho kinasema Lucas, fomu inaandikwa Rukas, na hapo tayari ni watu watatu. Tafuta NIDA, kadi ya mpigakura, cheti cha shule, chochote chenye maandishi. Kama hakipo, piga simu kwao, Kigoma, Musoma au kokote alikotoka, mwenyekiti wa kwao asome jina herufi kwa herufi. Jina la kambini nalo liandikwe, "anayejulikana pia kama fulani", kwa sababu mashahidi wa polisi wamemtaja hivyo. Ukikosea, dawa yake ni kiapo na safari za mjini ambazo mjane hana nauli yake.

Tarehe ndiyo mtego mwingine. Polisi wanaandika siku mwili ulipookotwa, daktari siku aliyoukagua, kijiji siku ya kuzika. Karatasi tatu, tarehe tatu. Kabla boti haijaondoka, kaeni meza moja, daktari, askari na wewe, mkubaliane tarehe ya kifo kutokana na maelezo ya mashahidi. Tarehe ya kuokotwa ibaki kwenye sehemu yake. Soma kwa sauti mbele ya ndugu mmoja anayejua kusoma. Ni dakika tano.

Halafu kuna kikao cha ukoo. Siku ya kuanua matanga watu wote wapo, wa Geita, wa Magu, wa Ukara. Muhtasari wa kumteua msimamizi wa mirathi uandikwe siku hiyo, wahudhuriaji wasaini kwa majina yale yale ya vitambulisho. Mahakama ya Mwanzo itautaka. Msimamizi akishateuliwa, orodha ya mali anatakiwa aipeleke ndani ya miezi minne. Asisahau hela za kwenye simu, na mtu asizitoe kwa namba ya siri aliyoijua, hata kama ni za kununulia jeneza.


Mtendaji Kisiwani aliandika:

Asanteni sana wakuu, nimenakili yote. Niulize moja la mwisho: mwili usipoonekana kabisa tunafanyaje? Ndugu wanataka kuweka matanga.


Wakili wa Nyamagana alijibu:

Matanga wawekeni, hakuna sheria inayokataza familia kulia. Usichoweza kutoa ni kibali cha mazishi, kwa sababu hakuna anayezikwa, na usiandike karatasi ya kijiji inayosema fulani amefariki. Andika kwamba fulani alizama tarehe fulani, ametafutwa siku ngapi, na nani, eneo gani, hajaonekana. Familia itakwenda nayo mahakamani kuomba atamkwe amefariki, na ushahidi wako pamoja na RB ndivyo vitakavyobeba ombi lao.

Maelezo ya wenzake wa mtumbwini yachukuliwe haraka sana. Wavuvi wa dagaa wanahama kambi mwezi ukianza kung'aa, ukichelewa wiki mbili shahidi yuko kisiwa cha Goziba na namba yake haipatikani. Chukua majina kamili, kwao ni wapi, na namba ya ndugu wa kila mmoja.

Vitu vyake vya kambini usiviache kwa tajiri wala kwa wenzake. Nenda na mtu wa BMU na wawili wa kambi, mviorodheshe: simu, begi, godoro, nguo, viatu, boya, na mgao wake wa siku alizokwisha kuvua, kwa shilingi, tajiri akisaini kwamba anadaiwa. Simu izimwe, laini isitolewe. Nakala moja ibaki ofisini, moja polisi, moja kwa familia. Atakayepokea vitu asaini mbele yako, na uandike uhusiano wake na huyo aliyezama, maana mke na kaka huja siku tofauti.